Kipara Nilichokiiga Somanda

Mwenzako akinyolewa, usitie maji. Kaa na nywele zako.

Waliosema tutie maji hawakuwa na saluni Somanda, na hawakuwa na Domitila ng'ambo ya barabara.

Naitwa Kwandu. Mwaka jana nilijinyoa kipara kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe. Sikuwa nimefiwa. Sikuwa na chawa wala mba. Nilishika mashine, nikajitazama kwenye kioo, nikaipitisha kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Nywele nilizozilea miaka zikaanguka sakafuni.

Sikusikia kitu. Nikachukua ufagio.

Domitila alifungua saluni baada yangu. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu amekukuta, halafu wateja wanapita mlangoni kwako wakielekea kwake, tena wanakusalimia kwa adabu.

"Mwangaluka, dada Kwandu!"

Mwangaluka yenyewe wanaimalizia ng'ambo.

Akipaka ukuta rangi ya zambarau, na mimi zambarau. Akileta nywele za bandia kutoka Mwanza, na mimi napanda basi. Siku nilipochora bango lenye kichwa cha mwanamke kama la kwake, akaacha kunisalimia. Nami nikaacha. Mtaa mzima ukajua jina la Domitila halitajwi kwenye saluni yangu.

Kioo changu kikubwa nilikitundika kikitazama mlango. Mteja alidhani nimemwekea yeye. Kumbe mikono inasuka, macho yako kwa Domitila.

"Dada, mstari umepinda."

"Kichwa chako ndicho kimepinda. Tulia."

Mtu mmoja tu alivuka barabara ile bila kujali ugomvi wetu. Mama yake Domitila, mzee wa Lagangabilili. Kila akija kumwona bintiye alinipitishia michembe, vile viazi vya kukatwa na kukaushwa juani, amevifunga kwenye kitambaa.

"Kula, mayu, kula mama. Mkono wa kusuka unataka nguvu."

Nilikula michembe yake huku namchukia mwanawe. Vyote vilikaa tumboni pamoja, bila shida.

Halafu Domitila akafunga saluni wiki nzima. Nikajua tu, kafuata mzigo.

Akarudi na kipara.

Domitila, ambaye nywele zake mwenyewe ndizo zilikuwa tangazo lake! Akaweka picha mpya WhatsApp, kichwa kinang'aa, macho yamelegea. Nikasema, pozi hilo. Chini ameandika: Mungu ni mwema.

Asubuhi ile wanawake wakaanza kuingia kwake. Kundi linatoka, kundi linaingia. Wengine wana vikapu. Waliingia na nywele zao na kutoka na nywele zao zilezile, lakini hilo sikuliona. Mimi niliona mlango umejaa.

Mtindo umeshaingia mjini, nikajisemea, na mimi nimeachwa tena.

Ndipo nikashika mashine.

Nilipomaliza kufagia nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: KIPARA CHA KISASA, KWA WADADA WANAOJIAMINI. Nikakiegemeza kwenye kiti cha wageni, tayari kwa kutundika. Nikajipiga picha, nikamtumia kaka yangu Josia kule kwetu Migato, aniambie kama nimependeza.

Simu ikaita papo hapo. Hakuwa Josia. Alikuwa mama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mtindo."

"Kwandu. Nani amekufa?"

"Mama, hii ni biashara. Kuna mwenzangu hapa kanyoa, watu wanafurika kwake."

Nikasikia kuku upande wake.

"Kichwa cha mwanamke hakinyolewi bure," akasema. "Huyo mwenzako ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikiwa bado na simu sikioni akaingia Generoza, muuza vitumbua wa jirani, mwenye mdomo usio na kifuniko. Akatazama kichwa changu. Akatazama boksi. Akarudi kichwani.

"Wewe ni mzima?"

"Kwani vipi?"

"Domitila kafiwa na mama yake! Wamezika juzi, Lagangabilili. Watu wanapita pale kumpa pole, na wewe unaandika tangazo!"

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Niliwaza michembe iliyobaki kwenye droo, pembeni ya vitana. Niliwaza kwamba nimeishiwa akili, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayewaza kwamba ameishiwa chumvi.

Generoza akachungulia nje.

"Yesu wangu. Anavuka."

Akalinyakua lile boksi, akalilaza kwenye kiti, akalikalia.

Mimi nilinyoosha mkono ukutani kwenye mawigi. Nikashika moja. Sikuwahi kulivaa.

Domitila alikuwa mlangoni. Ulikuwa mwaka hajakanyaga pale. Alinitazama kichwani.

"Na wewe?"

Nikalificha wigi nyuma ya mgongo.

"Dada zangu wamekuja kuzika na mawigi yao," akasema. Akaketi kwenye kiti changu cha kusukia, taratibu kama mgonjwa. "Nikawaambia, jamani, tumnyolee mama. Wakasema hayo ni mambo ya kizamani, wao wamenyoa moyoni. Nikanyoa peke yangu, Kwandu. Mimi ninayekula kwa kichwa hiki. Halafu nakaa pale kwangu, natazama huku, nakuona wewe. Wewe tusiyesalimiana!"

Generoza akakohoa. Sikumtazama.

"Na mama alikuwa ananiudhi kwa ajili yako, ujue. Kila akija: mwangalie mwenzako Kwandu, anafagia mpaka barabarani. Nilikuchukia kwa ule ufagio."

Nilikuwa nafagia mpaka barabarani kwa sababu ukisimama pale, ndani kwake panaonekana vizuri.

Hilo nikalimeza.

"Umemnyolea mama yangu?"

Swali lilikuwa wazi, na jibu lake ni neno moja tu.

"Pole, Domi," nikasema. "Pole sana."

Akanishika kichwa kwa viganja viwili, akakiinamisha mpaka vipara vyetu vikagusana. Kichwa kilichotoka kunyolewa kinasikia kila kitu, hata upepo wa feni. Kilisikia machozi yake. Mimi wa ndani sikusikia kitu.

Jioni ile nilikishusha kioo. Nikakitundika ukuta wa pembeni, ambako barabara haionekani.

Siku chache baadaye mteja akapapasa kichwa chake, akacheka. "Leo mistari imenyooka, dada. Ulienda kozi?"

Nikamwambia ndiyo.

Wateja wa Domitila bado ni wengi kuliko wangu, nadhani. Sina hakika. Siuoni mlango wake. Ninachojua ni kwamba waliokuwa wananipita wamekuja kujaribu, na wameanza kurudi. Na Domitila huniletea michembe ya shamba la marehemu.

Kwa hiyo wewe mwenye duka, mwenye kibanda, mwenye meza ya nyanya, unayeamka na kuchungulia kwa jirani kabla hujanawa uso: mwenzako akinyolewa, vuka barabara ukamuulize nani amekufa. Watu waliojaa mlangoni kwake, hujui kama wamekuja kununua au wamekuja kumlilia.

Generoza hajachoka. Kila akiniletea vitumbua ananinong'oneza, "Mwambie ukweli, Kwandu. Muombe radhi."

Mama yule wa michembe alinilisha kwa mkono wake wakati namchukia mwanawe. Alipokufa, vichwa viwili tu vilinyolewa. Kimoja kilipotea njia, lakini kilifika.

Siombi radhi.