Kiti cha Kupimia Presha

Dobi alifua mashuka ya gesti, na ulimi wake ulitoa madoa kuliko sabuni yake. Alikuwa akimlea mtoto wa marehemu dada yake. Mtoto akilalamika mkono wa kushoto unachoka kukamua, Dobi humjibu, "Mkono unachoka, mdomo wa kula hauchoki?" Mpaka siku mtoto alipoanguka kwenye beseni, kichwa ndani, miguu nje. Ndipo Dobi akambeba kumkimbiza zahanati.

Pale humwoni daktari bila kupimwa presha. Kiti cha kupimia kimefungwa sakafuni kwa nati, maana cha kwanza kiliota miguu. Mashine nayo imetiwa mnyororo ukutani kama mbwa, upande wa kushoto, na mpira wake mfupi. Kwa hiyo wagonjwa wote hupimwa mkono wa kushoto.

Nesi akamfunga mtoto, akajaza upepo. Kimya. Akaipiga mashine kofi. Kimya.

"Mbovu hii, mama. Rudini kesho kutwa, fundi atakuja."

"Mbona mzee aliyetoka sasa hivi umempima?"

"Yule ana presha. Huyu hana."

"Hana presha, na anapumua?"

"Ndiyo maana nasema ni mbovu."

"Mpime mkono mwingine."

"Mpira haufiki, kiti hakigeuki. Ning'oe ukuta?"

Dobi akamtazama mtoto. Midomo imepauka, macho yanafumba. Huyo kesho kutwa hafiki.

"Mwanangu, piga magoti kwenye kiti, utazame nyuma. Mpe nesi mkono wa kulia."

Mashine ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka nesi akarudi nyuma. Foleni ikaangua kicheko, na kicheko kikamtoa daktari ofisini. Akamshika mtoto mshipa wa kila mkono, penye kifundo. Wa kulia ulidunda. Wa kushoto hata chembe.

"Mishipa mikubwa ya damu imevimba, njia imebana. Damu haifiki mkono huu, na moyo unahangaika. Anaenda hospitali kubwa sasa hivi."

"Mama mdogo," mtoto akasema, bado amepiga magoti, "kwa hiyo siyo uvivu?"

"Nyamaza, usimchoshe daktari. Atapona?"

"Akiwahi dawa, uvimbe unatulizwa. Tukichelewa, siahidi kitu."

"Dokta," nesi akauliza, "niandike amepimwa akiwa amegeuka?"

Daktari akaenda kuita gari la wagonjwa.

Kwenye gari la wagonjwa simu ya Dobi ikaita. Mwenye gesti.

"Mashuka yangu yako wapi? Wageni wanafika."

"Yamo kwenye maji. Kayafue."

Akaizima, akaendelea kuusugua ule mkono wa baridi.