Nusu Tangi Hadi kwa Mama Mkubwa

Asubuhi ile nilianza kwa kuondoa vitu ndani ya gari. Nilitoa jeki ya pili, nikatoa kreti tupu la bia lililokaa kwenye buti tangu Noeli, nikatoa mfuko wa saruji uliokuwa umeganda ukawa jiwe. Kisha nikapanda juu ya ndoo na kufungua vyuma vya kubebea mizigo vilivyokuwa juu ya paa. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kama nimeamua kuuza gari kwa vipande. Nikamwambia napunguza uzito. Akatazama tumbo langu, akarudi ndani.

Nilikuwa na nusu tangi. Wiki ile petroli, esansi kama tunavyoiita sisi, ilikuwa imeadimika Bukavu nzima. Vituo vilifunga kamba mbele ya pampu, na hata wale wanaouza kwa bidoni, yaani madumu, pale Nyawera walikaa juu ya bidoni tupu wakipiga soga. Na usiku uliotangulia alikuwa amepiga simu binamu yangu wa kule milimani, ng'ambo ya Walungu, kusema kwamba mama mkubwa amekataa chakula na anamwita mdogo wake. Mdogo wake ni mama yangu. Mama ana goti bovu na hawezi kukaa juu ya pikipiki. Kwa hiyo ilibaki mimi, gari langu dogo na hiyo nusu tangi. Kwa mahesabu yangu ilitosha kwenda na kurudi, lakini kwa gari tupu, watu wawili tu, na mguu usiokanyaga sana mafuta.

Hayo mahesabu sikuyapata shuleni. Niliyapata nikitangatanga. Nimeendesha magari ya watu kati ya Bukavu na Kamituga, nimeendesha Uvira, nimeendesha hata Kalemie, na kila mahali nilijifunza njia moja zaidi ambayo mafuta huponyokea. Watu hudhani gari dogo halinywi. Pandisha gari dogo mlima likiwa limejaa, utaona. Kwetu kilomita hazisemi kitu, kinachosema ni milima. Vumbi la kiangazi likiziba chujio la hewa, injini inahema na kunywa zaidi. Madereva wengi hupunguza upepo kwenye tairi ili gari lisirukeruke kwenye mashimo, lakini tairi laini linajivuta chini kama mtu aliyevaa viatu vilivyojaa maji, na anayelipa ni tangi. Basi nikapiga chujio ukutani mpaka likaacha kutoa vumbi, nikajaza upepo, nikawasha moto na kuondoka polepole, injini ikiwa bado na baridi.

Mama anakaa Kadutu, kwenye mtelemko ambako gari halifiki. Tulikubaliana anisubiri barabarani. Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mchele. Kando yake palikuwa na sukari, sabuni, kidumu cha mawese, mikate, blanketi mpya, na wamama wawili wa shirika lao la parokia, wanene wote wawili, wamevaa vikwembe, yaani vitenge, vya aina moja. Nilishuka nikamvuta pembeni, nikamweleza hali ya petroli kwa sauti ya chini. Nikamwomba tupunguze angalau mchele. Nikamwomba, kwa heshima zote, kama wamama wangeweza kwenda wiki nyingine.

"Unataka niende kuangalia mugonjwa mikono wazi, tena peke yangu," akasema, si kwa sauti ya chini, "kama mutu anaenda kuchungulia kama amekwisha kufa?"

Kwetu mgonjwa hatembelewi hivyo. Shirika hutuma watu, na watu hubeba kitu. Hata mimi, nilipolazwa mwaka ule na malaria, chumba kilijaa sukari.

"Mama, esansi haitatosha."

"Weye endesha. Siye tutasali."

Wamama wakaingia nyuma, na gari likashuka kama mtu anayepiga goti. Uzito wote niliotoa asubuhi ulirudi, na nyongeza juu yake.

Pale Nyawera tukakwama kwenye msongamano. Gari likisimama na moto unawaka linakunywa bila kwenda popote, kwa hiyo nikawa nazima. Kila foleni iliposogea kidogo, niliwasha, nikasogea, nikazima tena. Wa nyuma yangu akapiga honi hadi akachoka. Mwendesha pikipiki mmoja aliinama kwenye dirisha langu akauliza kwa upole, "Papa, hii gari iko inalala, tuiimbie?" Wamama wakacheka mpaka gari likatikisika. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika simu mapajani, akiitazama, akiomba simu ya kutoka milimani isiingie.

Baada ya Panzi mji uliachia, vumbi likaanza. Wamama wakafunga vioo. Muda si mrefu wakaanza kujipepea, na mmoja akaniomba niweke klima, ile mashine ya hewa baridi. Nikasema imekufa. Ilikuwa nzima kabisa, ila nayo hunywa petroli. Akafungua kioo, vumbi likaingia, akafunga. Tuliendelea hivyo mpaka Mugogo, ambako walinisimamisha ili wanunue nyama, maana nyumba ya mgonjwa inakuwa na wageni, na wageni wanakula. Nilizima moto nikabaki nikitazama mshale. Mshale wa mafuta ukiutazama haushuki. Unashuka ukigeuza macho.

Barabara ile naijua tangu ujana. Nilipotoroka nyumbani mara ya kwanza, nikiwa nimemaliza sekondari na sitaki kusikia habari ya chuo wala ya kazi ya ofisi, nililala kwanza kwa mama mkubwa, halafu nikadandia lori la Kamituga. Aliniamsha alfajiri akanipa viazi vitamu vya moto vimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakunizuia. Aliniuliza tu nitatulia lini. Kila nilipopita kwake miaka iliyofuata, nikitoka au nikienda, aliniuliza swali lilelile, na mimi nilimjibu kwamba karibu. Sasa nina mvi, na nilitaka kumwambia kwamba nimetulia, nina nyumba na mke, na gari hili.

Tulipofika Walungu mshale ulikuwa umegusa alama nyekundu. Niliuliza petroli huku na huku, watu wakanicheka. Nikarudi kwenye gari nikamweleza mama wazi: tukigeuza sasa, huenda tukafika Bukavu. Tukiendelea, hatutarudi, na hata kufika sina uhakika.

"Nani alikuambia mimi niko narudi leo?" akasema.

Tukaendelea. Njia ya kwa mama mkubwa inaacha barabara kubwa na kuzama kwenye bonde refu, kisha inapanda ng'ambo ya pili. Kwenye mtelemko nikafanya wanachofanya madereva wa Bukavu wote, ingawa najua ubaya wake. Nilizima moto nikaliachia gari lishuke lenyewe. Nilitaka mwendo wa kushuka utusukume sehemu ya kupanda, bila kutumia tone. Usukani ukawa mgumu kama wa lori bovu, breki ikakataa kuingia mpaka nikasimama juu yake kwa miguu miwili. Kukawa kimya, upepo tu na mawe yakigonga chini.

"Sasa tuko tunaenda na nini?" mama mmoja akauliza nyuma.

"Na mulima, mama."

"Mulima ya nani?"

Wakaanza rozari. Gari lilikuwa limeshika mwendo mzuri, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona kwamba ule uzito wao ungetusaidia, maana kizito hushuka kwa nguvu. Halafu, chini kabisa bondeni, pale pale nilipohitaji ule mwendo, nikaona kamba imefungwa kukatisha njia. Ilikuwa barieri, kizuizi cha vijana wanaoziba mashimo kwa udongo na kuomba chochote kwa wapitao. Nilipiga honi, nikatoa mkono, nikapiga kelele kwamba tuna mgonjwa. Wao wakasimama mbele ya kamba wakitabasamu, kama watu wanaosubiri kusalimiwa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likasimama mbele yao, na mwendo wote wa mlima ule ukaishia hapo.

Waliposikia habari za mgonjwa walijuta, wakalegeza kamba haraka, wakatusukuma. Injini ikawaka. Tulipanda kwa gia ya kwanza, injini ikilia, mama ameegemea mbele kana kwamba hiyo inasaidia. Hatukufika hata nusu. Injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Baada ya hapo sikuwa na jambo lingine la kufanya. Nilijua kila kitu kuhusu namna petroli inavyokwisha, na ilikuwa imekwisha.

Wale vijana wa barieri ndio waliopanda na kipoyi, kile kiti cha miti ambacho watu wa milimani hubebea wagonjwa mabegani kuwapeleka hospitali. Walimkalisha mama. Mmoja wao, akiweka mti begani, akaniambia, "Papa, hii yetu hainywake esansi." Wamama wa shirika wakajigawia mizigo. Mchele niliouona hauwezekani ulipanda juu ya kichwa cha mmoja, kidumu na blanketi vikapanda mgongoni mwa mwenzake. Nilitaka kwenda nao. Lakini gari likiachwa peke yake mlimani, jioni utalikuta halina betri wala tairi, na tulikuwa tumemtuma mtu wa pikipiki aliyepita akatafute bidoni ya petroli mpaka Mugogo, na ilibidi anikute.

"Bakia na gari," mama akasema kutoka juu ya kile kiti. "Nitamusalimia."

Nilikaa nyuma ya usukani. Nyumba ya mama mkubwa inaonekana kutoka pale, juu kidogo, paa la mabati katikati ya migomba. Niliwaona wanapotea kwenye kona, wakatokea juu yake, wakapotea tena. Njia ile inazunguka sana. Kwa macho, nyumba ile ungeweza kuirushia jiwe. Nikajikuta nakanyaga pedali ya mafuta, polepole, kama mtu anayeendesha.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa pili niliposikia sauti. Kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja, ndefu, kisha zikawa nyingi, na uani pakajaa watu. Sauti zile za msiba hakuna anayezikosea. Nilitoka nje nikasimama barabarani. Sikujua kama mama alikuwa amekwisha kuingia ndani, au alikuwa bado kwenye kona, juu ya mabega ya watu, akisikia ninachosikia. Hakuna niliyeweza kumuuliza. Nilipiga simu ya mama, haikuita.

Mmoja wa wale wamama wa shirika akateremka kwa njia ya mkato, amefunga kikwembe kiunoni.

"Alimukuta?" nikamuuliza kabla hajafika.

"Alimukuta. Wakashikana mikono. Alikunywa hata chai kidogo, ya sukari yetu."

Akakaa juu ya jiwe nililoliweka nyuma ya gurudumu, akapumua. Akaniambia mgonjwa aliuliza nani amewaleta, wakamjibu ni mimi, na kwamba niko chini na gari.

"Akasema nini?"

"Akauliza kama umekwisha kutulia."

"Mukamwambiaje?"

"Mama yako akasema ndiyo. Akasema umesimama pale chini, hata hauendi."

Mtu wa pikipiki alifika na bidoni moja, nusu yake. Tulimimina kwa chupa iliyokatwa. Nilimwambia yule mama apande mbele, tupande pamoja. Akakataa. Alikuwa amenisikia tangu asubuhi nikilia na uzito, akasema atapita njia ya mkato, asije akanimalizia mafuta tena. Nilimsihi. Alikuwa amekwisha kuingia kwenye migomba.

Niliwasha. Nikaondoa mawe, nikapanda peke yangu, hakuna mchele, hakuna mtu. Gari lilikwenda kwa gia ya pili bila kuguna, jepesi kama nilivyolitaka tangu asubuhi.