Batuli na Uzio wa Majani

Batuli binti Saidi hakuumbwa na kitako cha kukaa. Hata kwenye maulidi, wenzake wamejitandaza jamvini wanasubiri pilau, yeye utamwona keshasimama mlangoni, shingo imeelekea mlimani. "Kiguu na njia huyo," akina mama walimcheka, "anakwenda kuangalia majani yake kama yameamka salama." Na kweli alikwenda. Akirudi pilau limepoa, anakula huku anafoka, maana hakosi kuwa amekuta mbuzi wa mtu.

Majani yenyewe yalikuwa juu ya kijiji, katika vilima vya Kondoa, ndani ya uzio wa seng'enge wenye lango moja la mbao na kufuli. Mle ndani hamlimwi, hamchungwi, hamkatwi hata unyasi wa fagio. Kila mwaka mvua zikiisha walikuja wataalamu kutoka Dodoma na fremu ya chuma, wakailaza chini penye vigingi vyao, wakapiga magoti kuizunguka na kuhesabu kilichoota ndani yake. Kisha wakapanda gari lao wakaenda. Watu wazima na akili zao, jamani, wanahesabu nyasi! Kijijini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo walioapa kwamba Wajerumani walizika mali pale. Wengine walisema ni madini, majani ni geresha tu. Waliobaki walisema ni mambo ya serikali, na mambo ya serikali huyaulizi, unayapisha.

Batuli alijua zaidi yao kidogo. Mlinzi wa kwanza wa ule uzio alikuwa mumewe, naye aliambiwa kwamba ardhi ile ilikuwa imekufa kwa kuchungiwa mno, na wataalamu walitaka kuona ikiachwa peke yake itafufukaje na itachukua muda gani. Mume alipofariki, ufunguo ukabaki kwa mke. Hakuna aliyemteua. Lakini ungemwambia aurudishe, mngegombana.

Alikuwa na lake moyoni. Mwaka ule wa sabini na tisa, ilipoamriwa mifugo yote iondoke vilimani, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda, kaka yake Rajabu aliswaga kundi la baba yao kuelekea tambarare akasema atarudi majani yakiota. Hakurudi. Habari zilizofika ni kwamba amelowea huko Kiteto, ana mke na watoto wasiojua hata neno la Kirangi, lugha ya kwao. Mama yao alikufa akimtaja. Basi Batuli akiyatazama yale majani alikuwa anatafuta kitu cha kumwambia marehemu mama. Kama hayana maana, kaka yake aliondoka bure.

Mtu aliyemkosesha raha kuliko wote alikuwa Uwesu, jirani yake wa upande wa korongo. Huyu naye alipoteza kundi mwaka uleule, na hakusamehe. Kila kiangazi mbuzi wake wa kificho walikutwa wamepenya seng'enge, kila kiangazi Batuli akampeleka barazani. Uwesu akimwona njiani alimwita askari wa majani. Mwishowe wakaacha hata kusalimiana, wanapishana kama mtu na mti.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Kondoa mjini wafanyabiashara wakafunga mashine za kukamua alizeti, na kila mwenye jembe akataka shamba la alizeti. Wataalamu wakaanza kuja kwa kusuasua, mwaka wanakuja, mwaka hawaji, mfadhili kachoka, gari limekufa. Watu wakapandisha macho mlimani. Ardhi ile imelala, imenona, imefungiwa kufuli na mwanamke mmoja mwenye mdomo mrefu. Unadhani watanyamaza?

Mwenyekiti wa kijiji, Mbwana, alikuwa mtu wa heshima na hakupenda ugomvi. Alimwita Batuli akamwambia wazi kwamba Ijumaa baada ya swala mkutano mkuu utaamua kama ule uzio ung'olewe watu wagawane mashamba. Kama wenye utafiti wapo, waje waseme wenyewe, maana asiyekuwepo na lake halipo.

Batuli hakungoja kesho. Lakini kabla ya kupanda basi la Dodoma alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aachiwe ule ufunguo: alipita nyumba kwa nyumba. Alikaa kwenye vigoda vya watu, akala makande ya watu, akaomba. Alifika hata kwa Uwesu. Alisimama uani, kinywa chake mwenyewe kizito kama mwenye jino bovu, akasema anamleta mgeni kutoka Dodoma, mgeni wa kijiji kizima, na anaomba wampokee vizuri. Uwesu akamwambia mkewe alete kigoda. Batuli akakaa. Hakuzungumza zaidi ya hayo, na alipoondoka aliuacha ufunguo kwa Mbwana, ili mgeni akitangulia kufika asikute kufuli.

Dodoma alimkuta Daktari Elieth katika ofisi moja mtaa wa Kikuyu, kati ya mafaili na maboksi. Elieth ndiye aliyekuwa akija na ile fremu tangu akiwa mwanafunzi. Alimwamkia shikamoo, akamwagizia chai, akaanza kueleza habari za bajeti. Batuli hakunywa ile chai. Alimwambia kwamba bajeti akaieleze Ijumaa mbele ya wanakijiji, na kama hataki, basi aje ayaage majani yake. Elieth akaangalia kabati lililojaa takwimu zake za miaka yote, akachukua mkoba. Njia nzima Batuli hakutulia. Alihesabu vituo, alimuuliza dereva kwa nini amepunguza mwendo, alimsimulia Elieth mara mbili kwamba hata Uwesu amempa kigoda.

Walifika Ijumaa asubuhi. Kutoka barabarani waliona mlimani kitu cheupe kinang'aa. Batuli alidhani ni nguo zimeanikwa. Walipopanda wakasikia vigelegele. Kijiji kizima kilikuwa pale, wake kwa waume, wamejipanga pande mbili za lango, na mbele yao Uwesu kavaa kanzu yake ya Idi. Kwa dakika moja tu, moyo wa Batuli ulijaa mpaka ukataka kumwagika. Walikuja wote. Walikuja kwenye uzio wake.

Kisha akatazama ndani.

Walikuwa wamefyeka. Si wajua desturi yetu, mgeni wa serikali akija? Hata zahanati isiyo na dawa lazima uwanja wake ufyekwe na mawe yapakwe chokaa. Basi walifyeka kutoka langoni hadi seng'enge ya nyuma, chini ya mteremko wakapalilia kwa jembe pakawa pekundu, pasafi, kama pamefagiliwa. Njia ikapangiwa mawe meupe. Vile vigingi vya wataalamu, vilivyokuwa vinakwaza mapanga, viling'olewa vyote vikarundikwa pembeni vizuri kama kuni za harusi. Yale majani yalifungwa matita, wakamwekea mgeni apeleke zawadi kwa ng'ombe wake, kama anaye.

Elieth aliingia taratibu. Akachuchumaa, akagusa kishina, akagusa kingine. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alipeana mikono na kila mtu na kushukuru. Batuli alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani, maana kila uso uliokuwa mbele yake ulikuwa unangoja sifa.

Wakiteremka kwenda mkutanoni Elieth alimshika mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tusiwaambie. Wamefanya kwa wema. Tuwashukuru, mimi nirudi zangu."

Batuli aliona jinsi itakavyokuwa. Akinyamaza, watu watabaki na furaha yao, na jioni watagawana mashamba bila kinyongo. Akisema, atawavunja mioyo, na mtu aliyevunjwa moyo hapigi kura ya huruma. Kote alikotazama uzio ulikuwa umepotea. Hakukaa mkutano mzima. Alisimama nyuma, akahamia pembeni, akarudi nyuma, mpaka Mbwana akamuuliza kama ana la kusema.

Alilisema. Alisema yale majani yalikuwa hayapaswi kuguswa, kwamba kazi yote ya miaka yote ilikuwa ni kuyaacha, kwamba vile vigingi vilionyesha mahali palepale pa kupimia kila mwaka na sasa hakuna ajuaye vilisimama wapi. Mwanamke mmoja aliyekuwa bado na chokaa vidoleni akaficha mikono ndani ya khanga.

Uwesu ndiye aliyesimama, na kanzu yake ya Idi.

"Batuli," alisema, "umenifukuza pale miaka mingapi? Umenipeleka barazani, nimekwenda. Siku hata moja hujaniambia yale majani yanangojwa yafanye nini. Juzi umekuja nyumbani kwangu, umeomba, na mimi nikaamka alfajiri kufyeka. Leo ndiyo unatuambia?"

Batuli angeweza kumtajia kila mbuzi aliyeingia mle, tarehe na rangi, lakini hilo halikuwa swali. Maneno ya Uwesu yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli. Ule ukweli mdogo alioachiwa na mumewe aliufungia kufuli pamoja na majani.

Elieth akasimama bila kuitwa. Akaomba radhi, kwanza kwa Uwesu. Halafu akaeleza, kwa Kiswahili cha watu, kile ambacho angepaswa kukieleza tangu mwaka wa kwanza: udongo ulikuwaje, nyasi gani zilitangulia kurudi, zipi zilifuata, na zipi zilizotajwa na wazee ambazo hazijarudi mpaka leo. Hapo sasa maswali yakamwagika. Wazee wakabishana majina ya nyasi kwa Kirangi. Mke wa Uwesu akauliza kwa nini wapime mle ndani tu. Kwa nini wasipime na huku nje wanakokata majani ya ng'ombe wa bandani walioruhusiwa siku hizi, wajue wakikata lini yanawahi kurudi. Elieth alikiri kwamba hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa na hana jibu lake. Akasema palipofyekwa patachipua, mizizi ipo. Palipolimwa pataanza upya. Hesabu ya zamani imekatika. Ikianza nyingine, ianze na wao wenyewe, ndani na nje, au isianze.

Mwenye kutaka alizeti alisema yake, tena kwa haki, maana njaa ya ardhi haikuwa uongo. Wakakubaliana: upande wa chini uliolimwa wagawiwe wasio na mashamba, upande wa juu ubaki.

"Ila mlinzi hatutaki," Uwesu akaongeza. "Mkiweka mlinzi mmetuambia sisi ni wezi. Tutalinda kwa zamu, kaya kwa kaya."

Mkutano ukaitikia ndiyo, sauti moja. Mbwana akautoa mfukoni ule ufunguo alioachiwa, akamtazama Batuli kama anayeomba ruhusa. Batuli alitikisa kichwa kukubali. Angefanya nini? Hicho ndicho alichokitafuta nyumba kwa nyumba, watu waupende uzio kama wa kwao wenyewe. Hakujua kwamba wakiupenda hivyo hautakuwa wake tena. Akampongeza Uwesu mbele za watu, na nyumbani akalia kwa hasira, akazivunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Asubuhi, kabla hajawasha moto, miguu ilikuwa imeshampandisha mlimani. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani, Uwesu, mwenye zamu ya kwanza, alikuwa akitembea ukingoni mwa seng'enge, anatazama chini, anakanyaga kwa uangalifu kama mwenye kupita kati ya watoto waliolala.

Batuli akasimama nje. Akapiga hodi.

Uwesu akaja mpaka langoni, asilifungue. Alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akamwambia kwamba leo si zamu ya Batuli, na mle haingii mtu hivihivi. Na asije akadhani ni ukorofi, akaanza kumweleza, taratibu, kwa kidole, kwa nini yale majani hayapaswi kukanyagwa: yapi yanatangulia kuota, yapi yanafuata, na ni yapi wazee bado wanayangoja.

Batuli akashika seng'enge kwa mikono miwili, akamsikiliza mpaka mwisho.