Kura za Kwaya na Barua ya Achieng

Achieng alikuwa fundi wa cherehani katika hoteli moja karibu na Bustan, mjini Maskati, Omani. Kazi yake ilikuwa kupinda mapazia na kushona vitambaa vya meza vilivyochanika. Msimamizi wake, Bi Mahfoudha, alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, mama mpole ila hakuvumilia pindo lililokwenda kombo.

Mwisho wa mwaka 1997 Achieng alikuwa likizo kwao Kisumu, akapanga foleni tangu alfajiri, akapiga kura. Matokeo yalipotoka, rais alikuwa amepita kwa kura zisizofika nusu, na sheria ilimruhusu. Achieng alirudi Maskati jambo hilo likimkereketa.

Mwaka 2002 redio ikasema tume ya katiba ya Kenya inapokea maoni ya wananchi. Ijumaa hiyo, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada kanisani, Achieng aliwaambia Wakenya wenzake waiandikie tume barua. Otieno, dereva wa kampuni ya ujenzi, akacheka.

"Dada, sisi huku kazi yetu ni kupiga domo tu. Nani atasoma barua ya fundi wa mapazia?"

Kesho yake kazini, katika stoo ya vitambaa, Bi Mahfoudha akainua pazia na kulitazama.

"Una nini leo, mwanangu? Mshono wako umelewa."

Akamweleza yote.

"Sasa wataka kuwaambia nini hasa hao wakubwa?"

"Kwamba rais apate zaidi ya nusu ya kura za nchi nzima. Akikosa, wawili walioongoza warudie."

"Kwa nini? Nieleze mie nisojua mambo ya kwenu."

Achieng akafikiri, kisha akamsimulia habari ya kwaya yao. Waimbaji walikuwa ishirini na mmoja, na wanne walitaka uongozi. Joy akashinda kwa kura nane. Wale kumi na watatu waliobaki wakawa wanaimba kwa kununa, wengine wakaacha kuja mazoezini. Mwezi uliofuata wakakubaliana kurudia, Joy na mwenzake aliyemfuata tu. Joy akashinda tena, safari hii kwa kura kumi na nne.

"Alikuwa yuleyule Joy, Bi Mahfoudha. Lakini hakuna aliyenuna tena."

Bi Mahfoudha akaweka pazia chini. "Andika hilo hilo la kwaya. Vitabu hao washasoma. Nna karatasi nzuri hapa, keti."

Mchana ule wote alimshikia kazi zake, akashona mwenyewe vitambaa kumi na viwili huku Achieng akiandika. Jioni akaisoma barua, akasahihisha mistari miwili, mingine akaiacha.

Ijumaa iliyofuata Achieng aliwasomea wenzake. Alipofika kwenye kura nane za Joy, watu wakacheka, na Joy mwenyewe akacheka kuliko wote. Otieno akaomba kalamu.

"Nilisema vibaya, dada. Nitie sahihi wapi?"

Walitia sahihi watu kumi na tisa. Sammy, muuguzi aliyekuwa akienda likizo, akaibeba hadi Nairobi, akarudi na nakala yenye muhuri kwamba barua imepokelewa. Achieng hakujua kama kuna aliyeizingatia. Ila alipouona ule muhuri, alimkumbuka mama mmoja aliyeinamia vitambaa ambavyo havikuwa kazi yake, akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Oktoba ya mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza, kila Mwomani mtu mzima aliruhusiwa kuchagua wajumbe wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi. Siku hiyo Bi Mahfoudha alisitasita. Kazi ilikuwa nyingi, na hakuwahi kupiga kura maishani.

"Nenda, Bi Mahfoudha," Achieng akasema. "Stoo niachie mimi."

Alirudi adhuhuri, buibui limejaa vumbi, uso umenawiri.

"Nimechagua, mwanangu! Ahsante sana."

"Ahsante ni kwako, mama," Achieng akasema, akamvutia kiti.