Mpishi Aliyewachagulia Wageni Septemba

Saa kumi na moja alfajiri, Tunduma ina baridi ya kukunja vidole, na Gwalugano Kibona anapuliza makaa. Mbele yake kuna sufuria sita juu ya mafiga. Makaa yako chini, na mengine ameyapanga juu ya vifuniko, hata mgeni wa mji huu akipita anaweza kudhani mzee anaunguza vyombo vya watu. Ndani ya sufuria hizo kuna mikate.

Foleni ya malori ya kwenda Zambia imelala barabarani tangu jana. Dereva mmoja wa Kizambia anateremka na blanketi lake mabegani, anafuata harufu.

"Mulishani, mukwai," anasalimia.

"Bwino. Subiri kidogo, huu bado unalia," anajibu Gwalugano, sikio amelielekeza kwenye kifuniko.

Mkate ukiacha kulia umeiva, anasema. Anafunua, anaugeuza juu ya gunia safi na kuugonga mgongoni kwa kidole. Dereva anautia kwapani ukiwa moto na kurudi kwenye lori lake bila kusubiri ukatwe.

"Huu ni mkate wa kambi," Gwalugano anamwambia mwandishi. "Nilijifunza porini, hakuna oveni, hakuna umeme. Fisi nao wanaujua sana, mmoja aliwahi kuondoka na sufuria yangu nzima."

Kwa siku njema anauza mikate thelathini, kila mmoja shilingi elfu moja na mia tano. Ukitoa unga, makaa na kodi ya chumba, kinachobaki si cha kutangaza. Lakini kimesomesha watoto watatu, na wa mwisho alimaliza kidato cha nne mwaka jana, 2013.

Wapo pia wanaofika hapa bila njaa yoyote. Asubuhi hii ni Venance, kijana wa ofisi moja ya uwakala wa forodha, aliyeoa Pasaka iliyopita. Anataka kumpeleka mkewe kuona wanyama, na mjini wamemwambia kwa mambo hayo amtafute mzee wa mikate.

"Mzee Kibona, niende lini? Halafu wapi, Katavi au Ruaha?"

"Unakwenda kuona au kupumzika?"

"Vyote, mzee."

"Vyote hakuna. Ukitaka kuona, nenda kiangazi. Majani yamekauka, maji yamebaki sehemu chache, mnyama hana pa kujificha. Utakula vumbi, na mbung'o watakuuma mpaka chini ya soksi. Ukitaka kijani na ukimya, nenda masika. Lakini Katavi kule udongo ni mweusi, unanasa. Gari likizama utamjua mkeo vizuri."

Venance anacheka. "Na kama vumbi hataki?"

"Mpeleke Kitulo mwezi wa kwanza akaone maua. Simba hayupo, ila atalowa viatu na kupiga picha. Bibi harusi anapenda picha."

Kijana anaondoka na mikate miwili na sura ya mtu ambaye kazi yake imekuwa ngumu zaidi. Anayefika kwa Gwalugano akitaka jibu moja hupewa matatu, na la nne huachiwa alitafute mwenyewe.

Gwalugano alizaliwa Ibaba, kule juu Ileje, mwaka 1964. Mwaka 1988 alikuwa anaosha vyombo katika nyumba ya wageni mjini Mbeya. Biashara zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na kampuni za watu binafsi zikawa zinaleta watalii kwa malori kutoka kusini. Siku moja lori likafika mpishi wake akiwa hoi kwa malaria. Mwenye safari akauliza jikoni nani anajua kupika chapati.

"Nikainua mkono. Chapati nilikuwa najua kuzila," anasema, na kicheko chake kinawageuza wauza chipsi wa jirani.

Mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi elfu moja na mia nane kwa mwezi. Akakaa porini miaka ishirini na miwili, kila mwaka kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba zilipofunga kambi.

Akizungumzia miaka hiyo, mikono yake inasahau makaa. Anakumbuka lori lenye turubai la kijani, mapipa ya maji yakigongana nyuma. Anakumbuka wageni waliovuka hapa Tunduma wekundu kwa vumbi, mzungu na mwafrika wa rangi moja, wakaoga kwa kopo na kushukuru kana kwamba wamepewa bafu la mfalme. Mpaka wenyewe ulikuwa na nafasi, unaweza kusimama katikati ya barabara ukamsubiri mtu. Jioni kambini waliketi wote kwenye moto mmoja, dereva, mgeni na mpishi, na hapakuwa na mtu aliyetazama simu kwa sababu simu zenyewe hazikuwepo.

"Nazikumbuka sana zile jioni," anasema taratibu. "Siku hizi wanashuka kwa ndege, wanalala siku mbili, jiko ni la gesi, mpishi ametoka chuoni amevaa kofia ndefu. Si vibaya. Ila mimi kofia ile ingenianguka kwenye mchuzi."

Mwaka 2010 kambi yake ya mwisho ilipata wapishi wenye vyeti, naye akarudi na sufuria zake.

Mwandishi anauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Kati ya wanyama wote aliowaona huko, yupi hawezi kumsahau?

Gwalugano anatazama kushoto, kisha kulia.

"Wanyama niliwaona wachache sana, mwanangu. Mpishi haendi na gari. Gari likiondoka alfajiri linaondoka na wageni, mpishi anabaki na viazi. Niliwaona waliofuata jikoni: fisi, nyani, na ndovu mmoja mwizi wa machungwa."

Sasa anajuaje Ruaha ina tembo wengi mwezi gani, na Katavi viboko hubanana kwenye tope lini?

"Kwa njaa yao," anasema. "Mgeni aliyeona simba hali chakula. Anarudi amechelewa, macho makubwa, wote wanaongea kwa pamoja, nyama inapoa mezani. Aliyekosa anarudi mapema, kimya, anamaliza chakula na kuuliza kama kuna kingine. Nikawa naangalia sahani. Agosti zinarudi na chakula, Septemba ndiyo usiseme. Novemba mvua ikigusa tu, wanakula kama wanajenga reli."

Kisha anainama na kushusha sauti. "Ila hilo la kutoona, mama Tumaini hajui. Usiniandikie kabla sijamwambia."

Mama Tumaini ni mkewe, Jenista Nzunda, Mnyiha wa Vwawa wilayani Mbozi, mkulima wa kahawa. Walifunga ndoa mwaka 1987. Mwaka uliofuata mume akaenda porini, na Desemba akarudi na habari ya Ruaha: kwamba mto ukikauka, tembo huchimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yatoke, mama kwanza, halafu mtoto. Alisimulia vizuri. Watoto walipozaliwa akawasimulia na wao, na kila aliposimulia tembo waliongezeka kidogo. Hakuna aliyemuuliza kama ni macho yake au ya wageni, naye hakuona haja ya kuharibu hadithi.

Jenista aliomba jambo moja tu: siku moja ampeleke akaone. Akajibiwa mwakani. Shida ni kwamba miezi ya wanyama ndiyo miezi ya kahawa. Juni mpaka Oktoba, Mbozi nzima iko shambani; kahawa ikiiva haingoji mtu, ama unaichuma ama inadondoka. Kwa hiyo mume alimjua mkewe wakati wa mvua, na mke alichuma kahawa kila kiangazi bila mume. Hata baada ya 2010 mikate imemshika Tunduma, na shambani anaonekana Jumapili tu. Mwakani ikazaa mwakani.

"Alikuwa ananiuliza kila mwaka tukimaliza kukausha kahawa," anasema Gwalugano. "Mwaka jana hakuuliza. Nikangoja mpaka Krismasi, kimya. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke akikuuliza bado anakungoja."

Jumapili tunapanda basi dogo hadi Vwawa, kisha tunatembea mpaka kwenye nyumba ya matofali nyuma ya mibuni. Ni Mei, matunda ya kwanza yameanza kuwa mekundu. Jenista anatupokea kwa viazi na chai, kanga kiunoni, maneno machache. Gwalugano amevaa shati la kanisani na anaonekana kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Mama Tumaini, ile safari," anaanza. "Mwaka huu tuifanye. Mwezi wa kumi na mbili, kahawa ikiwa imekwisha. Tena ni rahisi, kambi hazina watu."

Jenista anaweka birika chini.

"Desemba."

"Eeh, Desemba. Ruaha."

"Baba Tumaini, hao wanaokuja kukuuliza pale kwenye mikate, unawaambia waende Desemba?"

Mwandishi anapata ghafla hamu kubwa ya kuchunguza kiazi chake.

"Nilikusikia mwenyewe," anaendelea Jenista, bila kupandisha sauti. "Nilipokuletea maharage mwaka juzi, alikuwepo mwalimu na mkewe. Ukawaambia, masika tembo wametawanyika, majani yamefika dirishani, utaona migongo yao tu. Wageni umewachagulia Septemba miaka yote. Mimi ndiye wa Desemba?"

"Kahawa, mama..."

"Kahawa ni yangu. Naijua kuliko wewe."

Kuku anaingia, anatazama, anatoka. Kisha Gwalugano anasema, akiwa ameukazia macho mkeka:

"Mimi mwenyewe sijawaona."

"Hujawaona nani?"

"Tembo wanaochimba. Sijawahi kupanda lile gari hata siku moja. Nilikuwa jikoni. Yale nilikuwa nawasikia wageni wakisimulia mezani, na mimi nikaja kukusimulia wewe."

Jenista anamtazama muda mrefu. Mwandishi anatafuta hasira usoni mwake na haioni. Mabega yanaanza kutikisika kwanza, kisha kicheko kinamtoka, kikubwa, mpaka anajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Nimekuonea wivu bure," anasema. "Kila nikichuma nasema, mwenzangu sasa hivi anatazama tembo. Mgongo ukiniuma nasema, mwenzangu anatazama tembo. Kumbe na wewe ulikuwa unamenya viazi!"

"Magunia," anasema Gwalugano kwa unyonge.

Wanacheka wote wawili, na mwandishi, ambaye hakualikwa kwenye ndoa hii, anacheka pia. Kicheko kikiisha, Gwalugano anavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Basi iwe Septemba," anasema. "Nitafunga mikate wiki ile. Tumaini anamfahamu fundi mmoja mwenye gari kule Mlowo, atatupeleka kwa mafuta na posho. Na kuanzia Juni nitakuja kuchuma siku tatu kila wiki, tupunguze kabla ya kuondoka."

"Hujui kuchuma. Utachuma na mbichi."

"Utanifundisha."

Jenista anawaza, anakubali kwa kichwa, kisha anatoa sharti lake. Huko Ruaha asiguse jiko. Chakula watabeba au watanunua. Gari likiondoka alfajiri, waondoke nalo wote wawili, na yeye atakaa dirishani.

Mwandishi anamuuliza kuhusu kahawa ya Septemba, ambayo ndiyo nyingi na ndiyo nzito. Itakuwaje wakichelewa kurudi?

Jenista anageuka kuitazama mibuni yake, safu kwa safu hadi bondeni.

"Mimi nimeichuma miaka ishirini na saba," anasema. "Na idondoke wiki moja."