Kugombana kwa Kiingereza

Mimi Kiingereza nimekijulia kwenye ugomvi, na sioni haya kusema. Watu wakiniuliza nimesoma wapi, nawatajia chuo kikuu cha Pemba, Pemba ya kwetu Msumbiji, si kile kisiwa, nao wanatikisa kichwa wameridhika. Haya. Chuo kilinipa karatasi. Kiingereza chenyewe nilikipata uani, mikono imejaa magamba ya samaki, nikimsuta mtu niliyekuwa nampenda.

Kwetu ni Mocímboa da Praia. Nyumbani tunasema Kiswahili chetu cha pwani, na mama, ambaye kwao ni Mucojo, akikasirika anaingia kwenye Kimwani. Kiarabu nilikutana nacho kwa mwalimu wa Kurani kabla sijaota meno ya pili, na Kireno nikakikuta shuleni. Kwenye karatasi za chuo Kiingereza kiliandikwa kuwa ni lugha yetu ya pili. Nilicheka. Ya pili ya nani, jamani? Kwangu kilifika mwisho kabisa, kama mgeni anayekuta sahani zimeshaoshwa.

Darasani sisi wa pwani tulikuwa sita, na sote tulikuwa na njia moja ya kujifunza, nayo ni kuhifadhi. Ndivyo tulivyolelewa. Unakaa chini, unasoma kwa sauti, mwili unayumba mbele na nyuma mpaka ukurasa mzima uingie kifuani. Mwalimu akikukatiza, huungi pale ulipofika, unarudi mwanzo. Ndiyo adabu, maana maneno yale si yako uyachezee. Basi tukakichukua Kiingereza vilevile. Tulinakili kurasa za kitabu cha mazungumzo, tukakaa barazani sote sita tukazihifadhi, mpaka wapita njia wakadhani ni darasa la dini. Niliweza kukusomea habari za familia inayokwenda kununua makoti ya baridi, neno kwa neno, bila kupumua. Koti la baridi lenyewe sijawahi kulivaa.

Mtihani wa kwanza wa mdomo nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa na hotuba nne tayari: familia yangu, mji wangu, chakula ninachopenda, na safari. Mtahini alikuwa mwalimu wetu wa makamo, tuliyemwita dotori kama tunavyowaita walimu wote wa chuo kikuu. Akanipa mji. Nikaanza, na dakika ya kwanza ikapita vizuri sana. Mara dotori akainua mkono, akaniuliza kwa Kiingereza kama mji huo una soko. Swali la mtoto mdogo! Nikarudi mwanzo: mji wangu uko kaskazini, watu wake ni wakarimu. Akasubiri, halafu akauliza samaki gani wanauzwa huko. Mimi, mtoto wa muuza samaki! Nikarudi mwanzo tena. Mara ya tatu aliweka kalamu mezani. Nilipata saba kati ya ishirini, na kupita ni kumi.

Mtihani wa marudio nikapata nane. Mwaka uliofuata ikabidi nilirudie somo lote, na kanuni ya kozi yetu haikuwa na mchezo: ukianguka tena, unaondolewa. Nami nilitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza, basi, sikutaka kitu kingine. Tulipokimbia vita kwetu, tukiwa bado tunaishi kwenye hema, nilimwona mama akimweleza mgeni mmoja shida zetu kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono, na mkalimani akamaliza yote kwa maneno matatu. Kiingereza sikukijua, lakini kuhesabu nilijua. Siku ile nilijiapiza.

Chumbani nilikaa na msichana wa Kimakonde kutoka kule juu kwenye nyanda, Mkristo, binti wa wakulima. Huyo hajapata kuhifadhi kitu maishani mwake. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, Mungu anisamehe, lakini alikisema kila mahali na kwa sauti, na akikosea anacheka yeye wa kwanza. Nilikuwa nikimwonea haya kama vile ni mdogo wangu. Naye alipita kwa kumi na tatu.

Siku moja ya mwaka ule wa kurudia nilitoka darasani kichwa kinaniwaka moto, nikakuta ndoo yangu ya maji tupu. Ndoo niliyoipangia foleni tangu alfajiri! Nikamtolea uvivu mwenzangu wa chumbani. Na kwetu pwani kusuta si kubwatuka tu. Unasimama uani, mkono kiunoni, unayamwaga ya moyoni mbele ya mashahidi, mwenzako naye anajibu, mpaka mmoja akose la kusema. Nikasimama nikamsuta kwa Kiswahili, majirani wakatoka. Yeye akaegemea mlango, akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia aache maringo. Akasema, kwa Kiingereza tena, kwamba kama nina la maana nimletee kwa lugha hiyohiyo.

Lo! Damu ikanipanda. Nikafungua kinywa na Kiingereza kikatoka, hakina kichwa wala miguu, lakini kilikuwa changu, maana hakuna kitabu kilichoandika habari za ndoo yangu. Akanikatiza. Nikaendelea. Akanikatiza tena, nikamwambia ngoja, nikaendelea. Tulipochoka wote wawili akakaa kizingitini akicheka mpaka machozi. "Mwenzangu," akaniambia, "umeona? Hujarudi mwanzo hata mara moja."

Tangu siku ile tukawekeana masharti. Kila alasiri, wakati wa kupika, ni ugomvi, na ugomvi uwe wa kweli, kuigiza hapana. Hotuba ya kuhifadhi marufuku. Neno usilolijua lizungukie, lakini usisimame. Na mwenzako lazima akukatize. Basi tukagombania chumvi, mkaa, zamu ya kufagia, na ile tabia yake ya kuimba asubuhi nikiwa nasali. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima asiyejua Kiingereza hata salamu, akajifanya hakimu. Anamenya viazi vyake huku anatazama mabega na shingo zetu, mwishoni anatangaza: "Leo kashinda wa pwani!" Wale wenzangu watano walitucheka wiki mbili nzima. Wiki ya tatu mmoja akaja na kesi ya viatu vyake vilivyoazimwa na havikurudi, na kuanzia hapo ua ulijaa.

Mwanzoni kila kitu changu kilikuwa kinatokea leo. Hata la mwezi uliopita nilikuwa naligombania kama limetokea sasa hivi, maana wakati uliopita ulikuwa haukai kinywani. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusema ningefanya nini kama ningejua. Kilichonichelewesha kuliko vyote ni kukiri kwa Kiingereza kwamba mwenzangu ana haki. Hilo, kusema kweli, hata kwa Kiswahili lilikuwa linanishinda.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani tuligombana juu ya kitu kidogo sana, nimesahau hata ni nini. Nilimwambia anajificha, hanielezi mambo yake. Akanigeukia. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, bila kukosea, kwamba mwenye kujificha ni mimi. Kwamba nina picha ya kaka yangu ndani ya daftari, na miaka miwili tunalala chumba kimoja hajanisikia nikilitaja jina lake. Kwamba napenda maneno ya kuhifadhi kwa sababu hayana mtu wa kuyauliza swali. Jirani akasema kwa sauti ndogo, "Leo kashinda wa bara." Nikaingia ndani, na siku tatu sikumsemesha. Nilimchukia kwa sababu amesema kweli.

Kaka yangu, wakati tunakimbia, alikwenda kijijini Mbau kumchukua bibi. Bibi alifika kwa miguu pamoja na watu wengine. Kaka hajaonekana mpaka leo. Nyumbani hatajwi. Mama hataki asomewe hitma, maana hitma husomewa aliyekufa, na hataki aulizwe kama mtu aliye hai, maana atalia. Kwa hiyo tumenyamaza, mwaka baada ya mwaka, na kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake.

Siku ya mtihani niliingia, nikakaa. Dotori yuleyule. Akanipa familia. Nikaanza na baba, ambaye ni marehemu, na mama, ambaye anauza samaki bandarini. Akainua mkono. Akauliza, ndugu je?

Nina dada wawili. Ningesema hivyo, nikataja umri wao, nikapata kumi na mbili yangu nikaenda zangu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Halafu nikawafikiria watoto wa Mocímboa nitakaokwenda kusimama mbele yao, ambao wengi wao kwao yupo mtu asiyetajwa. Nitawafundisha nini, kukwepa kwa Kiingereza safi? Nikasema nina kaka mmoja na sijui aliko. Dotori akauliza tangu lini. Nikamjibu. Akauliza alikuwa anakwenda wapi. Nikamjibu, nikakosea, nikajisahihisha, nikasema habari za bibi, za hitma isiyosomwa, za mama. Niliyasema yote kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sauti ikaanza kunikatika. Dotori akaacha Kiingereza. Akaniuliza kwa Kireno, kwa upole, kama ninataka maji, kama ninataka tuishie hapo. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba bado sijamaliza.

Nilipata kumi na tano. Rafiki yangu alikuwa ananingoja ukumbini, hajala. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba siku ile alikuwa na haki. Akanikumbatia, akasema anajua, na kwamba jambo hili amelingojea mwaka mzima kuliko alama zangu. Mjeuri yule!

Nikampigia mama simu. Alikuwa bandarini, nasikia kelele za watu wanaoshusha mizigo. Nikasema, "Mama, nimepita!" Akapiga kigelegele palepale, na wanawake wenzake wakampokea bila hata kujua ni cha nini. Alipotulia akauliza, "Na hao watu wako walikuuliza nini, mwanangu?"

"Waliniuliza ndugu zangu, mama."

Nikasikia anaondoka kwenye kelele, anatafuta mahali pa kusimama. Nilidhani atanikatia simu.

"Ukawajibuje?"

Kwa Kiingereza nilikuwa nimeweza. Kwa lugha yetu nilikuwa sijawahi kujaribu. Nikalitaja jina la kaka, nikashindwa kuendelea.

"Sema, mwanangu," mama akasema. "Nimeshakaa chini."