Wivu wa Baiskeli ya Mwita

Kuna Jumapili moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiwaona nyinyi vijana mnapita hapa Nyambureti na baiskeli zenu nyembamba, kofia ngumu kichwani na kaptula za kubana, naikumbuka upya. Mnakwenda zenu Ikoma mmeinama utadhani mnatafuta kitu kilichodondoka. Nawacheka, lakini si kwa ubaya. Mimi nilizipenda baiskeli kabla mama zenu hawajazaliwa.

Yangu ilikuwa nyeusi, ya chuma kitupu, na lile bomba la katikati lililowafanya wazee wa kanisa wagune kila nilipoipanda na sketi. Baba alinipa nilipoolewa upande wa Tarime, karibu na machimbo ya Nyamongo. Wenzangu walikwenda kwa waume zao na masanduku, mimi nilikwenda na baiskeli. Asubuhi nilifunga madumu ya uji huku na huku, nikawapelekea wachimbaji, na haikuwahi kuniangusha. Hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu, uzio wa kampuni haujawekwa bado, kila kijana ana shimo lake au anachimba katika shimo la mwenzake.

Mume wangu Mwita alikuwa mmoja wao. Kazi yake hasa ilikuwa zebaki. Mawe yakishasagwa, unachanganya ule mchanga na zebaki, nayo inaikusanya dhahabu yote mahali pamoja. Siku hizo tuliishika kwa mikono mitupu, tukaizungusha viganjani kama mchezo. Ni sumu ile, mwanangu, hatukujua, Mungu tu alitusitiri. Mwita aliisugua kengele yangu ya shaba kwa zebaki hiyo, ikawa nyeupe, ikang'aa kama fedha. Nilifurahi mno. Nilikuwa naipiga hata njiani pasipo na mtu.

Basi shimo lao likatoa dhahabu. Wengine wakaongeza mke, wengine wakanunua ng'ombe. Mwita wangu akaenda Sirari, akarudi na baiskeli ya resi iliyovushwa kutoka Kenya. Usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba, gia za kubadilisha. Nyepesi kupita kiasi. Mama mkwe wangu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akauliza sehemu zilizobaki zitaletwa lini.

Mwita akapagawa. Baiskeli ikalala ndani. Kanga yangu mpya ikawa kitambaa cha kuifutia, na mimi mwenyewe sikuruhusiwa hata kuiegemea. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa, na bwana huyo akirudi jioni anaanza kuikagua baiskeli ndipo aniulize nimeshindaje. Siongezi chumvi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja ikaanguka, ikachubuka shingoni, pale usukani unapoungana na mwili. Mwita hakula. Akachukua zebaki, akasugua pale palipochubuka, pakang'aa, roho yake ikatulia. Asubuhi yake pameota vitu vyeupe, laini, kama ukungu wa ugali wa juzi. Akavipangusa, akapaka zebaki tena. Kesho yake vimeota zaidi. Akaendelea hivyo hivyo, anapangusa, anapaka. Nikavizia ametoka, nikapitisha kidole changu. Palikuwa pameshaingia ndani, pana bonde, na unga mweupe ukabaki kidoleni.

Nikamwambia Mwita baiskeli yake inaliwa. Nilikuwa na haraka ya kumwambia, kwa sababu Jumapili wapenda baiskeli wa machimboni walikuwa wamepanga kushindana, kuteremka mpaka daraja la Mto Mara na kupanda ng'ambo, upande wa Serengeti. Mteremko ule wakati huo ulikuwa wa kokoto tupu. Usukani ukikukatikia pale katikati, wanakuja kukuokota na blanketi. Mwita alinitazama toka juu mpaka chini, akacheka, akasema nina wivu. Jioni akawasimulia rafiki zake, nao wakasema mke wa Mwita kaletewa mke mwenza wa magurudumu mawili.

Iliniuma sana, mwanangu. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa na wivu na kile chuma mpaka usingizi ulinipaa. Nikaona nikisema tena nitazidi kuchekwa, na kwamba mtu mwenye wivu hana haki ya kuonya. Nikanyamaza.

Jumamosi jioni mama mkwe alinikuta nachambua dagaa machozi yananitoka. Hakuwa mtu wa kubembeleza, yule mama. Nikamweleza yote, unga mweupe, lile bonde, na jina nililopewa. Nilidhani atanipa pole. Akanikazia macho.

"Kwani huna wivu?" akauliza.

Nikasema ninao, mama.

"Basi mkubalie. Mwambie ndiyo, nina wivu, halafu mwambie tena kwamba baiskeli inaliwa. Wewe unalinda jina lako, mimi nizike mtoto?"

Akachukua sinia la dagaa, akamaliza kuchambua mwenyewe. Usiku huo nilijaribu kusema na Mwita, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi wenzake wakafika, wanapiga kengele nje ya boma, wanamwita, mura, kijana, njoo, jua linapanda. Akatoka na shati jeupe, anaisukuma taratibu. Nikasimama katikati ya lango. Na tumbo lile, hapakubaki pa kupita. Si jambo dogo mke mgeni kumzuia mume mbele ya rika lake.

"Mwita, ni kweli nina wivu," nikasema, na wote wanasikia. "Nimekubali. Na baiskeli yako imeliwa shingoni. Ikandamize hapa mbele yangu. Ikistahimili, nakupisha, na sitasema tena."

Wakacheka. Mwita kwanza alichukia, kisha naona akafikiri hiyo ndiyo njia rahisi ya kunimaliza. Akashika zile pembe mbili, akaweka uzito wake wote juu, huku ananitazama mimi machoni. Haikulia sana. Ilikatika kama muhogo mkavu, na Mwita akaangukia gurudumu kifudifudi, usukani peke yake uko mikononi mwake.

Mmoja wa wenzake aliinama akaanza kuipapasa shingo ya baiskeli yake. Mwita alikaa chini vumbini, usukani mapajani, akatazama pale palipokatika. Ndani palikuwa peupe, pamejaa unga. Akaitazama barabara inayoteremka. Halafu akalitazama tumbo langu, machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mbele ya watu. Nilitaka kumwinua nikashindwa, na mimi nikaketi pale pale karibu yake tukalia wote wawili. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu muda wote. Akarudi jikoni kukoroga uji.

Mtoto yule aliyekuwa tumboni alikuja kusoma, akanieleza kwamba zebaki haili chuma wala shaba namna ile, ndiyo maana kengele yangu haikupata kitu. Lakini usukani ule ulikuwa wa aluminiamu, na aluminiamu ikichubuka kisha ukaipaka zebaki, inaliwa mpaka ndani. Maskini Mwita, kila alipoona kipenzi chake kinaumwa alizidi kukipaka kile kile kinachokiua.

Sasa, mwanangu, sikukatazi kukipenda chombo chako. Kipende, kipake mafuta, kilaze ndani ukitaka, mimi najua utamu wake. Ila kitu ukikipenda mno unakosa macho ya kukitazama. Mwache mwenzako akutazamie, hata yule unayemdhania ana kijicho, maana mwenye kijicho anaangalia sana. Na ukiwa wewe ndiye uliyeona, usingoje roho yako isafike kabisa ndipo umwonye mtu. Ungengoja sana. Wakikuita mwenye wivu, kubali, halafu sema tena, na ikibidi simama langoni.

Tulihamia huku uzio ulipowekwa kule machimboni. Huyo mnayemsikia anakohoa ndani ndiye Mwita. Mpaka leo nikimgombeza kuhusu kitu chake chochote, hunijibu kwamba nina wivu. Nami humjibu ndiyo, kisha naendelea kusema.

Haya, kazeni kofia zenu mwende. Mungu awape barabara kavu na breki zinazoshika, na kila mmoja wenu ampe nyumbani kwake mtu asiyeogopa kumuudhi.